Karatasi Niliyoipeleka Majini

"Hivi, Bi Esmat, mimba ya binti yako ni ya namna gani? Juzi niliiona iko chini ya kitovu, leo imepanda mpaka kifuani."

Jirani yangu Bi Fakhri aliniuliza hivyo mlangoni pangu, akiwa na bakuli la supu ya nadhiri mkononi. Nilipokea bakuli, nikamwombea ikubaliwe nadhiri yake, halafu nikamjibu kuwa mtoto anacheza sana.

"Mh! Anacheza mpira huyo?" akasema, akacheka, akaenda zake. Lakini alipofika kwake aligeuka akatazama dirisha letu, nami nilimwona.

Chini ya buibui la Mahlaga hapakuwa na mtoto. Palikuwa na mto nilioushona mwenyewe, wa pamba, una kamba mbili za kufungia mgongoni. Kila mwezi niliufumua nikaongeza pamba, na mwezi huo nilikuwa nimeufunga vibaya.

Mahlaga ni mwanangu wa pekee. Miaka minne nyuma alijifungua mtoto aliyekwisha kufa, na damu ilipokataa kukatika, madaktari wakakitoa kizazi ili wamwokoe yeye. Mayai yake yalibaki. Basi hospitali moja ya hapa Yazd ikachukua yai lake na mbegu ya mumewe Bemanali, wakaviunganisha, kisha wakampandikizia mwanamke mwingine ambebee mimba. Kabla ya hapo tuliuliza kwenye ofisi ya mwanachuoni tunayemfuata, wakatujibu kwa maandishi kuwa jambo hilo linaruhusiwa. Kwa hiyo mbele ya Mungu hatukuwa na cha kuficha. Tulijificha kwa sababu ya watu.

Mwanamke huyo anaitwa Golnesa. Alikuwa anaishi kijiji cha bustani za makomamanga, mwendo wa saa moja kutoka mjini, pamoja na mumewe Yadollah, dereva wa lori, na baba mkwe wake, mzee aliyekwenda kuzuru Mashhad na ndiyo maana wote wanamwita Mashdi Rajabali. Golnesa alikuwa na binti wa mume wa kwanza. Kwa Yadollah hakuwa amezaa, wala yule mzee hakuwa na mtoto mwingine ila Yadollah.

Tulikutana ofisini kwa wakili, Bi Tuba Farsad, mwanamke mfupi anayesema taratibu kama anayesomesha watoto. Akatusomea mkataba neno kwa neno. Kwamba mtoto ni wa Mahlaga na Bemanali. Kwamba Golnesa akijifungua atamkabidhi. Kwamba Yadollah, mume wake, ameridhia na hana dai. Kwamba wote wanne watakwenda mahakamani, ili cheti cha kuzaliwa kiandikwe majina ya wenye mtoto.

"Kwa nini mahakamani tena?" Bemanali akauliza. "Si mtoto ni wetu?"

"Kwa sababu hospitali inaandika inachokiona," Bi Farsad akasema. "Inamwona mwanamke anajifungua, inaandika yeye ndiye mama. Inauliza mumewe nani, inamwandika kuwa baba. Bila karatasi hii, wewe na mkeo mtakuwa wageni waliokuja kumtazama mgonjwa."

Wakatia dole gumba, mmoja baada ya mwingine. Yadollah alikuwa na mkono mkubwa wenye grisi isiyotoka, alama yake ikawa kama ya mtu aliyekwisha kutia wino. Alicheka mwenyewe. "Hii hata kipofu ataiona," akasema.

Nakala zilikuwa mbili. Wakili alitaka ya tatu abaki nayo, Bemanali akakataa. "Samahani, Bi Wakili. Ofisini kwako pana makarani, na makarani wana wake, na wake wana majirani." Nami nilikuwa nimekaa pembeni, nikatikisa kichwa kumuunga mkono. Natamani shingo yangu ingevunjika siku ile.

Yadollah aliiweka nakala yake chini ya kiti cha lori, baba yake asiione. Yeye na Golnesa walikuwa wameshakubaliana: kijijini watu wataona tumbo, watadhani la mume, na siku ikifika watasema mtoto amekufa wakati wa kuzaliwa. Sisi tulishona mto, wao walitayarisha msiba. Nilimuuliza Yadollah, "Na baba yako, mwanangu? Hutamwambia?" Akainamisha macho. "Nitaanzaje, mama? Nimwambie baba kuwa mke wangu amebeba mtoto wa mwanamume mwingine? Hata nikimwambia ni halali, ataisikia nusu ya kwanza tu."

Nakala yetu niliificha mimi, chini ya Kurani, ndani ya kasha la marehemu mume wangu.

Bi Fakhri aliponiuliza lile swali, ulikuwa umebaki mwezi mmoja tufike mwaka mpya wetu wa Kiajemi, na kila nyumba ilikuwa inakung'utwa. Kwetu hapo hakuna mlango unaofungwa. Mazulia yanatolewa, makasha yanafunguliwa, na majirani wanaingia kusaidiana hata usipowaita. Bi Fakhri alishasema kuwa Jumanne atakuja yeye na mkwewe kutukung'utia, "maana binti yako na tumbo lake hilo la kupanda na kushuka asiinue kitu." Mkwewe amesoma mpaka chuo. Anasoma karatasi kama mtu anayekunywa maji.

Jumatatu asubuhi nikaitoa ile karatasi. Mimi niliishia darasa la tano. Nilisoma mstari wa kwanza, Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Nikasoma majina manne. Yale ya katikati yalikuwa maneno ya kisheria, sikuyaelewa, na nilijiambia kuwa waliotia dole wanajuana, na Mungu ndiye shahidi wao. Karatasi yenye jina la Mungu haitupwi kwenye taka, wala mimi sikuweza kuitia motoni. Nikafanya kama alivyonifundisha mama yangu. Nikatawadha, nikashuka zile ngazi za matofali mpaka kwenye mfereji unaopita chini ya mtaa wetu, nikasema bismillahi, nikaiachilia majini. Wino ulianza kutoka kabla haijafika gizani. Nilirudi moyo mweupe kabisa.

Bi Fakhri alikuja Jumanne, akakung'uta kila kitu, hakuona kitu.

Siku ya tano ya mwaka mpya Yadollah alipata ajali kwenye barabara ya Bandar Abbas. Lori liliwaka. Walimtambua kwa pete.

Tulikwenda kuzika kama watu wanaofahamiana na Golnesa kwa mbali. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mzee Rajabali alikuwa hawezi kusimama. Wanaume wawili walimshika kwapani. Lakini kila aliyempa mkono wa pole alimwonyesha tumbo la mkwewe kwa kidevu. "Mungu amechukua, na Mungu ameniwekea," alikuwa anasema. "Ameniwekea pale." Mahlaga alisimama kando yangu amevaa mto wake, nikasikia meno yake yanagongana.

Siku ya pili Bi Farsad akatuita.

"Nawapa pole, lakini nina jambo zito," akasema. "Sheria yetu inasema mtoto akizaliwa kabla ya kupita miezi kumi tangu mume afe, mtoto huyo ni wa marehemu. Na asiye na baba, mlezi wake wa kisheria ni babu mzaa baba. Mama haulizwi. Huyu mtoto akizaliwa, karatasini atakuwa wa Yadollah, na atakayeamua aende wapi ni Mashdi Rajabali."

"Lakini tuna mkataba," Mahlaga akasema.

"Ndiyo. Yadollah mwenyewe ametia dole kuwa hana dai. Hiyo ndiyo ngao yenu. Nileteeni leo, nifungue shauri kabla mtoto hajazaliwa."

Mahlaga aliinuka. Mimi nilibaki nimekaa. Nilisema, "Usiende, mwanangu. Haimo kwenye kasha."

"Umeihamisha? Iko wapi?"

"Niliipeleka majini."

Hakuelewa. Nikarudia. Bemanali akaweka mikono kichwani. "Majini wapi, mama?"

"Kwenye mfereji. Ilikuwa na jina la Mungu."

"Na jina langu je?" Mahlaga akasema. "Halikuwa na jina langu?" Hakupiga kelele, nami ningependa angepiga. Tangu siku ile mpaka mtoto alipozaliwa alinipa salamu, alinipa chai, alinipa heshima zote za mama, na hakunitazama usoni.

Nakala ya pili ilikuwa imeungua na lori. Bi Farsad akasema faili la hospitali lipo, lakini hawalitoi mpaka mahakama iagize, na mahakama itaagiza pia vipimo vya kinasaba, na vyote hivyo ni miezi. "Na katika miezi hiyo mtoto atakaa kwa nani?" akauliza, kisha akajijibu mwenyewe. "Kwa babu. Isipokuwa babu mwenyewe asimame aseme hadai."

Tulimwomba Golnesa amwambie mzee. Akasema, "Baada ya arobaini." Arobaini ikapita. Tukampigia. "Mama Esmat," akanong'ona kwenye simu, "ameanza kula. Kwa siku thelathini alikuwa hali. Ameshona bembea ya kitambaa, ameifunga chumbani kwangu, kila asubuhi anaisukuma tupu aone kama kamba zimekaza. Nimwambie nini?"

Mtoto alizaliwa wiki mbili kabla ya siku yake, mchana. Golnesa alitupigia akiwa njiani kwenda hospitali. Bi Fakhri alikuwa sebuleni kwetu, amekunja miguu, anakunywa chai na kutaja majina ya watoto. Mahlaga alipokea simu, akasimama, akakaa tena. Mwenye mimba kubwa hakimbii. Ilibidi aage taratibu, ajishike kiuno, apande ngazi polepole kwenda kubadili nguo, huku Bi Fakhri anamwambia, "Taratibu, mama, taratibu, usije ukazalia njiani." Tulifika hospitali mtoto keshaoshwa. Mlangoni alisimama Mashdi Rajabali amevaa shati jipya, ameshika taarifa ya kuzaliwa. Mama, Golnesa. Baba, marehemu Yadollah. Mtoto, wa kiume. Alishamwadhinia masikioni. Alinitambua toka mazikoni, akanionyesha karatasi.

"Nisomee tena, mama," akasema. "Macho yangu haya. Hapa pameandikwa Yadollah, sivyo?"

Nikamsomea. Pale pameandikwa Yadollah.

Mahlaga alimwona mwanawe kwa kupita, mikononi mwa muuguzi, kama anavyoona mpita njia yeyote.

Siku ya tisa nilikwenda kijijini. Sikusubiri kuambiwa, mimi ndiye niliyeshuka zile ngazi. Bemanali alinipeleka, akabaki kwenye gari nje ya ukuta wa bustani. Bi Farsad alikuwa amenifundisha njiani kwa simu namna ya kusema. "Mzee ni mkulima. Mwambie ni kama tawi la mti mmoja lililopandikizwa kwenye shina la mti mwingine. Ataelewa."

Mzee alikuwa ameketi zuliani, mguu mmoja unasukuma bembea. Golnesa alikuwa kando yake. Mzee akanikaribisha, akanipasulia komamanga kavu la mwaka uliopita, akaomba radhi kuwa limenyauka. Akanionyesha kitambaa cha kijani alichomfunga mtoto mkononi, kilichotoka Mashhad. "Kesho naenda kuchukua cheti," akasema. "Nimemwita Yadollah. Najua watu wanasema si vizuri kumpa mtoto jina la aliyekufa kwa moto. Waseme."

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nilisema binti yangu hana kizazi, yai ni lake, mbegu ni ya mumewe, madaktari waliweka, Golnesa amebeba tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mguu haukuacha kusukuma. Halafu, kwa kuogopa, nikaleta ule mfano wa tawi na shina.

"Mkomamanga hatuupandikizi, mama," akasema. "Tunakata kijiti, tunakichomeka ardhini. Aliyekufundisha hayo hajawahi kulima." Kisha akasema, "Na miti haina majina ya baba zao. Usiniletee habari za miti."

"Naomba radhi, Mashdi."

"Umekuja na watu wangapi? Mmeona mzee amebaki peke yake, mkasema twende tumchukulie na hiki kilichobaki? Ehe? Mjini mmekosa watoto wa kuiba?" Sauti ilipanda, mtoto akashtuka. Akaishusha palepale. "Karatasi iko wapi? Watu wa mjini hamfanyi kitu bila karatasi."

"Zilikuwa mbili. Moja ilikuwa na marehemu, imeungua. Nyingine niliiharibu mimi kwa mikono yangu, kwa kuogopa majirani. Nitaapa kwa Kurani hiyo hapo juu."

"Usiapie Kurani ya nyumba yangu." Akamgeukia Golnesa. "Wewe. Huyu mama anasema kweli?"

Golnesa akaanguka magotini, akashika pindo la koti lake. "Kweli, baba."

"Yadollah alijua?"

"Alitia dole, baba."

"Alijua." Akatazama ile bembea. "Na huyu mtoto mngemfanya nini, siku akizaliwa? Mngeniambia nini?"

Golnesa akaficha uso kwenye lile pindo. Mzee akanitazama mimi, nami sikuwa na haki ya kunyamaza.

"Wangekwambia amekufa," nikasema.

Mguu wake ukasimama. Bembea ikaenda na kurudi peke yake, ikaenda na kurudi, mpaka ikatulia. "Basi mwanangu alikuwa amepanga nimlie mtoto huyu," akasema, "kwa kuwa aliona haya kuzungumza na mimi. Nilimlea vipi, hata akaniogopa hivyo?" Hilo hakutuuliza sisi. Mimi ni mjane kwa miaka kumi na tisa sasa, nimekaa na wafiwa wengi, nimewashika mikono, nimewasomea. Siku ile sikuthubutu kumsogelea.

Aliniambia niende. Sikujua atafanya nini. Garini Bemanali aliniuliza amesemaje, nikamwambia hajasema.

Mzee hakwenda kuchukua cheti kesho yake. Bi Farsad alifungua shauri, na baada ya wiki tatu tukaitwa. Siku lilipofunguliwa Mahlaga alivua mto akauweka jikoni, mbele ya macho ya wote, kwa sababu shauri likishafunguliwa hakuna siri tena. Bi Fakhri alikuja, akauona. Aliuokota, akaugeuza, akakagua mshono wangu. Nilijiandaa kwa lolote.

"Esmat," akasema, "ungeniambia ningekushonea mzuri zaidi." Akaketi, akaanza kulia, akatufanyia chai yeye mwenyewe. Basi yeye ndiye mtu niliyemuogopa mpaka nikapeleka haki ya mwanangu majini.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, kina joto. Golnesa alikaa upande wa kulia na mtoto, binti yangu upande wa kushoto na mikono mitupu, mzee katikati, amevaa lile shati alilonunua kwa ajili ya kuzaliwa kwa mjukuu. Hakimu alisoma maelezo. Akasema faili la hospitali limeagizwa na vipimo vimeagizwa. Akamwambia Golnesa aseme, akasema. Akamtazama mzee.

"Mashdi Rajabali, sheria inakutambua wewe kuwa mlezi wa mtoto huyu mpaka itakapothibitika vinginevyo. Unayo haki ya kukaa naye wakati tunasubiri majibu. Hakuna atakayekulazimisha. Unadai nini?"

Mzee alisimama. Ilimchukua muda, na Bemanali alinyoosha mkono kumsaidia, naye hakuuona, au aliuona. Alitoa ile taarifa ya kuzaliwa mfukoni. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi, imeanza kukatika kwenye mikunjo, kama karatasi inayotolewa na kutazamwa kila siku na mtu asiyeweza kuisoma. Akaiweka juu ya meza.

"Mwanangu hakuacha mtoto," akasema.

Karani aliandika. Akageuza karatasi, akasogeza kidau cha wino. Mzee akatia dole. Alama ilitoka nyepesi, karani akamwomba arudie, akarudia. Nikampa leso yangu afute wino, akaitazama lakini hakuichukua.

Mahlaga alikuwa ameshainuka. Golnesa alimwekea mtoto mikononi, na kile kitambaa cha kijani kilikuwa bado kimefungwa pale mkononi. Binti yangu akamgeukia mzee, midomo inatafuta pa kuanzia. "Baba," akamwita. "Baba, tafadhali, njoo umwone wakati wowote. Mlango wetu..."

Mzee Rajabali alisimama mbele yake. Aliinua mkono wenye wino kuelekea kichwani kwa mtoto, akaona ule wino, akaurudisha mkono. Akaokota kofia yake kwenye benchi, akafungua mlango, akatoka.